Mashine Ilisema Xavérine Ndiye Mwizi

Kila asubuhi Xavérine alitoka nyumbani kwake mtaa wa Biryogo, Kigali, akiwa amekwisha kugombana na watu wawili. Wa kwanza alikuwa mumewe, Théoneste, kwa sababu ya kuacha viatu mlangoni. Wa pili alikuwa muuza chapati wa kichochoroni, kwa sababu ya kuweka jiko lake pale watu wanapopita. Haukuwa ugomvi wa chuki. Ulikuwa wa kuchangamsha mwili tu. Akishamaliza, alinunua chapati mbili kwa muuza chapati huyohuyo, akaenda zake kazini.

Alikuwa mpishi katika nyumba kubwa huko Nyarutarama. Alikuwa amefanya kazi pale miaka sita. Bosi wake aliitwa Harriet, lakini Xavérine alimwita Mabuja, kama wafanyakazi wa nyumbani wa Kigali wanavyomwita bosi mwanamke. Harriet alikulia Mwanza, Tanzania. Xavérine alikulia Bujumbura, Burundi. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha jikoni. Walicheka pamoja, walibishana kuhusu pilipili, na siku Harriet alipofiwa na mama yake, Xavérine ndiye aliyemshika asianguke.

Mwezi ule nyumba ilikuwa na shughuli nyingi. Pretty, binti wa Harriet, alikuwa anaposwa. Siku ya gusaba, yaani sherehe ya posa, wazee wa pande zote mbili wangekuja. Harriet alitaka nyumba ing'ae. Wafanyakazi wa nyumba walipaka ukuta rangi, mapazia yakafuliwa, makochi yakapelekwa kwa fundi kuvishwa kitambaa kipya. Xavérine alipika huku akiruka ndoo za rangi.

Alhamisi mchana Pretty alijaribu mshanana wake, lile vazi la sherehe linalofungwa begani. Alitaka kuona kama litapendeza na bangili ya dhahabu ya bibi yake. Harriet alifungua kisanduku chake cha vito. Bangili haikuwemo.

Lo! Nyumba ilipinduliwa juu chini. Walitafuta kabatini, chini ya vitanda, hata ndani ya gunia la mchele. Hawakuona kitu. Harriet alikaa sakafuni akalia. Ile bangili ilikuwa kitu pekee alichoachiwa na mama yake.

"Hakuna mgeni aliyeingia humu," alisema akijifuta machozi. "Ni sisi tu."

Aliposema "sisi tu", aliwatazama wafanyakazi wake watatu: Xavérine, dereva Mutsinzi, na mlinzi Niyongabo. Xavérine aliliona jicho lile.

Ijumaa asubuhi alikuja mtu mmoja aliyeitwa Sangwa. Alivaa suti na alibeba sanduku jeusi. Rafiki wa Harriet ndiye aliyemtuma.

"Hii ni mashine ya kugundua uongo," Sangwa alisema akifungua sanduku. "Haina undugu na mtu. Ndani ya saa moja tutajua nani kachukua."

Walikaa sebuleni kwenye viti vya plastiki, maana makochi hayakuwepo. Mutsinzi alipimwa kwanza, kisha Niyongabo. Zamu ya Xavérine ilipofika, Sangwa alimfunga mkanda kifuani na mwingine mkononi. Akamvisha vitu kama vibanio kwenye vidole viwili.

"Jibu ndiyo au hapana tu," alisema. "Usieleze."

Xavérine alianza kutetemeka. Hofu yake haikuwa ya bangili. Alikumbuka siku aliyoikimbia Burundi. Watu wenye bunduki walimkalisha kwenye kiti kando ya barabara. Nao pia walimwambia ajibu ndiyo au hapana tu. Miaka ilikuwa imepita, lakini mwili wake ulikikumbuka kile kiti.

"Unaitwa Xavérine?"

"Ndiyo."

"Umechukua bangili?"

"Hapana." Moyo ulipiga kwa nguvu hadi masikioni.

"Unajua bangili iko wapi?"

"Hapana. Lakini..."

"Usieleze!"

Mashine ilitoa karatasi yenye mistari inayopanda na kushuka. Sangwa aliisoma akitikisa kichwa kwa huzuni ya kujifanya.

"Hao wawili ni safi," alimwambia Harriet. "Huyu anasema uongo."

Xavérine alimgeukia Harriet. "Mabuja, miaka sita! Nimekuibia nini mimi?"

Harriet alikuwa anaitazama ile karatasi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake.

Sangwa alitoa karatasi nyingine. Iliandikwa hivi: *Mimi Xavérine nakiri kwamba nilichukua bangili ya dhahabu, nami naomba radhi.* Chini palikuwa na nafasi ya sahihi.

"Ukisaini, mambo yanaishia hapahapa," alisema. "Usiposaini, Jumatatu majibu ya mashine yanakwenda kwa wapelelezi, halafu mahakamani. Na mahakama haibishani na mashine, mama. Utafungwa."

"Nenda nyumbani ukafikirie," Harriet alisema kwa sauti ndogo. "Mpaka Jumatatu."

Xavérine alirudi Biryogo mchana kweupe, saa ambayo hajawahi kurudi. Hakumsemesha muuza chapati. Yule mtu alimtazama akipita kimya, akajua kuna msiba.

Théoneste alikuwa fundi cherehani. Alishonea pale pale kibarazani. Mkewe alipomweleza, alisimamisha cherehani. Kisha akauliza polepole, "Mama Ganza, mashine imesema hivyo kweli?"

"Imesema."

"Na wale wengine imewaacha?"

"Imewaacha." Xavérine alimtazama machoni. "Théo, mbona unaniangalia hivyo?"

"Sikuangalii vyovyote."

Lakini alikuwa anamwangalia. Xavérine aliliona jicho lilelile la Nyarutarama, sasa liko nyumbani kwake. Hili lilimuuma kuliko la kwanza. Aliingia ndani, akalala kifudifudi, akalia kwa uchungu mpaka mto ukalowa.

Jumamosi asubuhi alitoka akakaa kibarazani na ile karatasi ya kukiri mapajani. Alishika kalamu mkononi. Alikuwa amechoka. Aliona afadhali asaini, apoteze kazi, lakini asifungwe mbali na watoto.

"Mama Ganza, unaandika barua ya mapenzi?"

Aliyeuliza alikuwa Mukasine, jirani wa mlango wa pili. Mukasine alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu. Mtaani walimwita Gerefiye, jina la Kifaransa la kazi hiyo. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na hakuweza kuona karatasi bila kuisoma.

Aliichukua. Aliisoma mara moja. Akavua miwani.

"Umeiba?"

"Sikuiba, Gerefiye! Naapa mbele ya Mungu!"

"Basi kwa nini kalamu iko mkononi?"

Xavérine alimweleza yote: bangili, mikanda, maswali, mistari ya karatasi. Mukasine alisikiliza huku akivuta kigoda. Alipokaa, kigoda kililia.

"Baba Ganza!" aliita. "Acha cherehani. Njoo hapa, leta mkono."

Théoneste alikuja akishangaa. Mukasine aliweka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wake. Akaitazama saa yake, akahesabu.

"Sabini na mbili. Vizuri sana. Sasa niambie, ile birika yangu iliyopotea mwezi uliopita, ni wewe uliyeiiba?"

"Mimi?" Théoneste aliruka. "Birika? Gerefiye, unanisema hivyo mbele ya mke wangu?"

"Tulia, usivute mkono. Nahesabu." Aliitazama saa tena. "Tisini na nane! Haya, mwizi tumempata. Mkamateni!"

Xavérine alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Alhamisi.

"Na birika iko wapi?" Théoneste aliuliza, amekasirika kweli.

"Iko jikoni kwangu. Haijawahi kupotea." Mukasine aliuachia mkono wake. "Mnaona? Sikupima wizi. Nilipima moyo. Umeulizwa jambo la aibu, umeshtuka, moyo umekwenda mbio. Ile mashine inafanya kazi hiyohiyo, ila ina nyaya na imeletwa na mtu wa suti. Inapima pumzi, moyo na jasho. Hakuna waya hata mmoja unaopima uongo. Mtu mkweli mwenye hofu, mashine inaweza kumwita mwongo. Na mwongo aliyezoea, anaweza kukaa pale ametulia kama anakunywa chai, mashine ikampitisha."

Théoneste alitazama chini.

"Lakini Sangwa anasema mahakama haibishani na mashine," Xavérine alisema.

"Huyo Sangwa amewahi kukaa mahakamani siku ngapi? Mimi nimekaa miaka ishirini na miwili, nikiandika kila neno. Sijawahi kuona jaji akimhukumu mtu kwa mistari ya mashine hiyo. Hata nje, katika nchi nyingi mahakama huyakataa majibu yake. Kwingine huyapokea kwa masharti makali. Kuna polisi wanaoitumia katika upelelezi, lakini inawapa fununu tu ya pa kutafuta. Fununu si ushahidi."

"Ushahidi ni nini, basi?"

"Ushahidi ni kitu jaji anachoweza kukikagua. Nani aliona? Lini? Kitu chenyewe kimepatikana wapi? Kuna maandishi? Na upande wako lazima upate nafasi ya kuuliza. Shahidi akisema alikuona, wakili wako anamuuliza: ulikuwa umesimama wapi, palikuwa na mwanga, mna ugomvi? Sasa mashine utaiuliza nini? Itakujibu?"

"Haitajibu," alisema Xavérine.

"Tena kuna hili, lishike vizuri. Anayekushtaki ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Si kazi yako kuthibitisha kwamba hukuiba. Na jaji akibaki na shaka, shaka hiyo inakusaidia wewe, si yeye." Mukasine aliipiga ile karatasi kwa kidole. "Unajua kwa nini wanataka usaini? Kwa sababu wakiwa na mashine peke yake, hawana kitu. Wakiwa na sahihi yako, wana kitu kikubwa. Ungamo la kutishwa unaweza kulipinga baadaye, ndiyo, lakini utahangaika. Usijifunge mwenyewe kwa kalamu yako."

Xavérine aliiweka kalamu chini kama imemchoma.

"Aa, iokote!" Mukasine alisema. "Ni kalamu nzuri. Baba Ganza, tupe daftari. Sasa andika. Jumapili mpaka Alhamisi. Nani aliingia ile nyumba, nani alitoka, kitu gani kilitoka. Usiandike unachodhani. Andika ulichokiona kwa macho yako."

"Nilitaka kueleza hata siku ile. Walisema nijibu ndiyo au hapana tu."

"Mimi nataka ueleze. Anza."

Basi akaanza. Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko. Jumatatu aliandika polepole, akisema maneno kwa sauti: "Mabuja hakwenda ofisini. Koo lilimuuma. Alikaa kwenye kochi la kijani na kompyuta mapajani. Nilimpelekea chai ya tangawizi. Nilitaka kuweka kikombe kwenye mkono wa kochi, nikashindwa, kwa sababu..."

Kalamu ilisimama.

"Kwa sababu gani?" Mukasine aliuliza.

"Kwa sababu bangili ilikuwa pale! Aliivua. Huwa anaivua akiandika, inamkwaruzia kompyuta. Nikaweka kikombe kwenye stuli." Sauti yake ilianza kupanda. "Jumanne asubuhi Mutsinzi na Niyongabo wakayabeba makochi. Wakayapeleka Gisozi, kwa fundi Silvère pale Agakiriro, kwenye soko la mafundi. Gerefiye! Kama bangili iliteleza kwenye pengo la kochi... Yesu na Maria!"

Théoneste alikuwa amekwisha kuvaa koti. "Naenda Gisozi sasa hivi. Nitalirarua kochi lote!"

"Kaa chini!" Mukasine alifoka hadi kuku wakakimbia. "Unataka kumfunga mkeo? Ukienda peke yako ukarudi na bangili mkononi, watasema nini? Watasema mlikuwa nayo siku zote. Mmeogopa, mkajidai mmeiokota kwenye kochi. Utakuwa umeugeuza ushahidi wake kuwa ushahidi dhidi yake. Hakuna anayegusa lile kochi. Litaguswa mbele ya mpelelezi, mbele ya mwenye mali, na mbele ya watu wasio ndugu zenu."

Théoneste alikaa. Alivua koti.

"Na kama fundi keshaiona akaiuza?" Xavérine alinong'ona.

"Hilo litachunguzwa. Lakini hata hapo, wewe umesema ukweli, na umeandika. Sasa weka tarehe, kisha weka sahihi. Sahihi hii weka bila hofu."

Zile siku mbili zilikuwa ndefu. Xavérine aliwaza kila saa kuhusu lile kochi. Aliwaza fundi mwenye tamaa, aliwaza gari lenye matundu, aliwaza bangili imeanguka mtaroni. Lakini hakusaini.

Jumatatu asubuhi yeye na Mukasine walianzia ofisi ya msaada wa kisheria ya wilaya, ambako mwananchi anapewa ushauri bure. Mwanasheria alilisoma daftari, akasema, "Umefanya vizuri. Karatasi ya kukiri usiiguse. Nenda ukatoe maelezo haya kwa mpelelezi, na ukitaka wakili, una haki ya kuwa naye."

Kwenye kituo cha upelelezi walimkuta Harriet amekwisha kufika, na Sangwa yuko kando yake. Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, aitwaye Gwiza. Mezani mbele yake palikuwa na karatasi ya mashine.

"Madamu," Gwiza alimwambia Harriet, "nimeisoma. Nani alimwona Xavérine akichukua bangili?"

"Hakuna, lakini mashine..."

"Bangili uliiona mara ya mwisho lini?"

Harriet alijaribu kukumbuka. "Jumapili, kanisani. Nadhani niliirudisha kwenye kisanduku."

"Unadhani, au unakumbuka?"

"Nadhani," Harriet alikiri.

"Basi karatasi hii siwezi kumpelekea mwendesha mashtaka nikasema ndio ushahidi wa wizi," alisema Gwiza. "Inaniambia mama huyu aliogopa. Hata mimi ningefungwa mikanda ningeogopa. Xavérine, una la kusema?"

Xavérine alimpa daftari. Gwiza alilisoma kimya, kisha akasoma kwa sauti ile sehemu ya chai ya tangawizi.

Harriet alishika mdomo. "Ile chai," alisema. "Ni kweli. Alikiweka kikombe kwenye stuli. Nilimwambia kiko mbali."

Gwiza alisimama na kuchukua funguo za gari. "Twendeni Gisozi. Wote. Na mtu asipige simu."

Agakiriro ilikuwa na kelele za misumeno na harufu ya gundi. Karakana ya Silvère ilikuwa katikati. Makochi ya Harriet yalikuwa pale nje, yamekwisha kuvishwa kitambaa kipya cha rangi ya kahawia. Yalikuwa yamefunguliwa na kufungwa tena. Kilichokuwa ndani kilikuwa kimekwisha kutoka.

Silvère alikuwa mzee mwembamba, mwenye sindano kubwa kifuani. Gwiza alionyesha kitambulisho chake, akauliza kama aliona kitu ndani ya makochi.

"Mwenye makochi ni nani?" Silvère aliuliza.

"Ni mimi," alisema Harriet.

"Nitajie ulichopoteza. Kieleze vizuri. Hapa kila mtu amepoteza kitu akisikia kimeokotwa."

"Bangili ya dhahabu," Harriet alisema. "Nyembamba. Kifungo chake kilivunjika zamani. Mama yangu alikifunga kwa uzi mwekundu."

Silvère aliingia ndani. Wakasikia vyuma vikigongana. Alirudi na kopo la maziwa ya unga. Alilifunua. Ndani mlikuwa na vijifurushi vya nailoni, kila kimoja na kikaratasi chake. Mlikuwa na vifungo, kijiko cha mtoto, rozari, na meno ya bandia. Alichomoa kifurushi kimoja, akampa Gwiza.

Gwiza alisoma kikaratasi: "*Jumatano. Kochi la kijani la Nyarutarama. Bangili moja, uzi mwekundu kwenye kifungo. Nimeiona mimi Silvère. Ameshuhudia Spéciose, muuza vitambaa.*" Palikuwa na sahihi mbili.

Akakifungua. Bangili iling'aa kiganjani mwake.

Harriet alipiga kelele. Xavérine alishika ukingo wa kochi, machozi yakamtiririka, na hakuyafuta.

"Jumatano!" alisema Mukasine, akivaa miwani yake kuona kwa karibu. "Mnaona siku? Siku moja kabla madamu hajajua kama imepotea. Na mashahidi wawili wasiomjua Xavérine. Huo ndio ushahidi, jamani. Ningekuwa kazini ningeunakili kwa wino mzuri."

"Lakini mzee, kwa nini hukupiga simu?" Harriet aliuliza, akilia na kucheka. "Namba ya dereva unayo!"

"Simu? Mimi?" Silvère alitingisha kichwa. "Siku moja niliona hereni ndani ya kochi. Nikapiga simu nyumbani. Akapokea mke wa mwenye kochi. Nikamwambia, mama, nimeona hereni yako. Kumbe mama yule hana hata tundu masikioni." Mafundi wa jirani waliangua kicheko. "Ndoa nusura ivunjike, na mimi sikulipwa kazi yangu. Tangu hapo kitu cha ndani ya kochi nakiandika, nakiweka koponi, namkabidhi mwenyewe siku ya kurudisha kochi. Yenu ilikuwa irudi kesho."

Gwiza alicheka pia. Kisha akamgeukia Sangwa. "Na mashine yako?"

"Mashine haijakosea," Sangwa alisema, akijikohoza. "Labda alikuwa na dhambi nyingine moyoni."

"Dhambi nyingine ni kazi ya padri," alisema Gwiza. "Lakini ile karatasi ya kukiri, na kumtishia mtu jela ili asaini, hayo utanieleza ofisini. Kesho saa tatu."

Sangwa alitafuta njia ya kuondokea katikati ya mbao.

Harriet alimsogelea Xavérine, akataka kumkumbatia. Xavérine alirudi hatua moja.

"Ngoja kwanza, Mabuja. Nimeumia. Ulinijua miaka sita, ukaamini sanduku la saa moja. Hukuniuliza hata swali moja wewe mwenyewe. Ungeniuliza, ningekumbuka ile chai."

"Ni kweli," Harriet alisema. "Niliogopa kukuuliza, nikaona afadhali mashine iniulizie. Nisamehe, Xavérine."

"Uliniita mwizi sebuleni, mbele ya watu. Sema na hayo sebuleni, mbele ya watu walewale."

Na Harriet alisema. Jumanne, makochi yaliporudi, aliwaita Mutsinzi, Niyongabo na Pretty. Alisimama mbele yao, akasema kwamba Xavérine hakuiba, na kwamba yeye ndiye aliyekosea, kwa kumdhulumu mtu kwa karatasi ya mistari. Aliwaomba radhi na wale wawili, maana nao walifungwa mikanda. Aliyaandika maneno hayo, akaweka sahihi, akampa Xavérine. Kisha Harriet alimpigia simu yule rafiki aliyemtuma Sangwa, akamwambia, "Usimpeleke kwa mtu mwingine. Kitu kikipotea, ulizaneni, tafuteni, andikeni. Mkishindwa, nendeni kwa wapelelezi."

Xavérine alirudi jikoni. Siku ya gusaba alipika isombe, yaani kisamvu, iliyowafanya wazee wa upande wa pili waombe sahani ya tatu. Pretty alipotoka na mshanana wake, bangili ikiwa mkononi, alikwenda moja kwa moja jikoni kumwonyesha Xavérine kwanza. Uzi mwekundu ulikuwa bado pale. Harriet alikataa kuubadilisha.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Xavérine alifika Biryogo na bakuli la isombe. Théoneste alikuwa kibarazani. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa ndani, ukutani. Vilikuwa hivyo tangu Jumatatu.

Xavérine alikaa kando yake. Akaushika mkono wake, akaweka vidole viwili kwenye mshipa, kama Gerefiye.

"Théo. Ile Ijumaa niliporudi. Uliamini kwamba nimeiba?"

Mshipa uliruka chini ya vidole vyake. Ulipiga haraka, tena haraka zaidi. Lakini Xavérine hakuwa anahesabu. Alikuwa anamtazama usoni, akingoja aseme.

"Niliamini," Théoneste alisema. "Si siku nzima. Lakini niliamini, Mama Ganza. Usiku ule sikulala kwa aibu. Nisamehe."

Iliuma, naye Xavérine aliiacha iume. Kisha akauachia ule mshipa, akakishika kiganja chake chote.

"Haya. Umesema mwenyewe," alisema. "Sasa kalete sahani, isombe inapoa."